Asili na Ukumbusho: Picha za Nyumbani za Lubumbashi na Swali la Nafsi ya Mtu

1. Utangulizi

Methali ya Waswahili yasema: Mwacha asili ni mtumwa. Katika kazi za wanafunzi, kila inapozungumzwa habari ya utamaduni na nafsi ya mtu, methali hii hutajwa mwanzoni au mwishoni, kana kwamba imekwisha kulijibu swali lenyewe. Maana yake, kama inavyofahamika kwa kawaida, ni kwamba kila mtu ana asili yake. Utamaduni ni ghala ya kuihifadhi. Naye anayeliacha ghala hilo hubaki bila nafsi, akitumikia nafsi za wengine.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fikra hiyo, ingawa ina heshima yake, haitoshi kueleza jinsi watu wa miji ya migodi ya Katanga walivyojitambua. Mfano utakaochunguzwa ni picha za rangi zilizochorwa na mafundi wa Lubumbashi, hasa katika miaka ya 1970, zikanunuliwa na wafanyakazi, makarani na wachuuzi, na kutundikwa katika saloni, yaani chumba cha kupokelea wageni. Watu hao walizieleza picha hizo kwa neno moja la Kiswahili: ukumbusho. Neno hilo ndilo litakalokuwa msingi wa uchambuzi huu. Litawekwa mbele ya neno asili, ili ionekane ni lipi kati ya hayo mawili linaloeleza vizuri zaidi namna utamaduni unavyomfanya mtu ajijue kuwa yeye ni nani.

Hoja inayotetewa ni hii. Utamaduni haumpi mtu nafsi kwa kumkabidhi asili iliyokwisha kukamilika kabla yake. Humpa vitu, maneno na nyakati za kujitambua mbele ya wenzake, na za kusimulia jinsi anavyojitambua. Mahali ambapo masimulizi hayo yamezuiwa, asili peke yake haimsaidii mtu; yaweza hata kugeuzwa silaha dhidi yake. Historia ya Katanga imeyaonyesha hayo kwa uchungu.

2. Asili iliyotolewa kwa amri

Kabla ya kuzitazama picha zenyewe, yafaa kukumbuka ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuwaambia watu wa mji huu asili yao ni ipi. Élisabethville ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipofika, ukapewa jina la Malkia Elisabeth wa Ubelgiji. Waliokuja kufanya kazi katika Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, walitoka Rhodesia Kaskazini, Kasai, Rwanda, Burundi na vijiji vya Katanga yenyewe. Kiswahili walichokutana nacho hakikuwa lugha ya mama ya wengi wao. Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power cha mwaka 1986, ameonyesha kwamba kukubaliwa kwa lugha hiyo kazini kulihusiana pia na siasa ya Wabelgiji, waliohofia nguvu za Waingereza wa kusini. Kwa hiyo lugha ambayo leo watoto wa Lubumbashi huiita yao iliingia mjini kwa njia ya misafara, ya utawala na ya ajira, wala si kwa njia ya ukoo.

Hata kabla ya migodi, nchi hii haikuwa na asili iliyo safi. Msiri, mfalme wa Garenganze mwenye makao yake Bunkeya, alikuwa mgeni kutoka Unyamwezi. Alikuja kwa biashara, akatawala, akauawa mwaka 1891 na watu wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Leopold II. Anayetafuta mwanzo wa Katanga katika damu moja hukutana na mgeni mlangoni.

Hata hivyo, kila utawala uliofuata ulipenda kuzungumza habari ya asili. Serikali ya kikoloni iliandika kabila la mtu katika karatasi zake na kulifanya jambo la kwanza la kumjua. Baadaye, chini ya Mobutu, ikaja siasa ya authenticité, yaani ya uhalisi. Tarehe 27 Oktoba 1971 Kongo ikaitwa Zaïre. Mwaka 1972 raia wakaamriwa kuyaacha majina yao ya Kikristo na kujitwalia majina ya mababu. Suti na tai vikaachwa, abacost ikavaliwa. Katanga nayo ikaitwa Shaba. Kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama wa chama kimoja, MPR, tangu kuzaliwa kwake.

Haikusudiwi hapa kuidharau nia ya watu waliofurahia kutupa majina waliyobandikwa na wageni. Kulikuwa na jeraha la kweli, na wengi waliiona siasa hiyo kuwa dawa. Lakini yafaa kuangalia namna ilivyotendeka. Zaïre, jina lililotangazwa kuwa halisi, lilikuwa matamshi ya Wareno ya neno la Kikongo lenye maana ya mto. Shaba, jina la jimbo, lilikuwa neno la Kiswahili lililomaanisha madini ambayo wageni waliyafuata. Na mtu aliyeambiwa ajirudie mwenyewe aliambiwa hivyo kwa tangazo, akapewa adhabu kama hakutii. Asili iliyotolewa namna hiyo haitofautiani sana na kabila lililoandikwa na karani wa koloni: zote mbili zilimfikia mtu kutoka juu, zikiwa zimekwisha kuandikwa.

Matunda machungu zaidi ya fikra hiyo yalionekana mwaka 1992 na 1993. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, hasa katika miji ya Likasi na Kolwezi. Maelfu kwa maelfu walikaa kwenye vituo vya reli wakingoja treni, na wengi walikufa njiani. Miongoni mwao walikuwamo waliozaliwa Katanga, waliosoma Katanga, ambao lugha yao ya michezo na ya mapenzi ilikuwa Kiswahili cha Katanga, na ambao Kasai waliijua kwa kusikia tu. Waliambiwa warudi kwao. Neno kwao lilihesabiwa kwa asili, si kwa maisha. Hapo ndipo methali iliyotajwa mwanzoni inapomtaka msomaji asimame kidogo. Watu hao hawakuiacha asili. Asili ndiyo iliyotumika kuwanyang'anya nyumba.

3. Picha ukutani

Katika miaka ile ile ambamo uhalisi ulitangazwa kwa redio, picha nyingine za nafsi zilikuwa zikinunuliwa kwa fedha za watu wenyewe katika mitaa ya Lubumbashi. Zilichorwa juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, kilichowambwa kwenye fremu ya miti na kupakwa rangi ya chini. Mchoraji alizichukua mkononi na kuzitembeza nyumba kwa nyumba. Bei yake ilikuwa ya mtu wa mshahara mdogo. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian waliandika juu ya picha hizo mwaka 1976, wakaonyesha kwamba aina zake hazikuwa nyingi, kwamba kila aina ilikuwa na jina lake linalojulikana, na kwamba aina hizo kwa jumla ziliwahusu watu hao mambo ya mababu, mambo ya zamani na mambo ya sasa.

Aina ya kwanza ya kuangaliwa ni ile iitwayo Colonie Belge. Katikati ya picha mfungwa amelazwa chini, akichapwa kiboko. Anayechapa ni askari mwafrika. Pembeni amesimama mzungu wa serikali, akitazama. Juu yao ipo bendera ya buluu yenye nyota, na nyuma yao wafungwa wengine wanafanya kazi wakiwa wamevaa nguo zenye mistari. Mara nyingine wapo wanawake walioleta chakula, wamesimama mbali kidogo.

Mtu asiyezoea atashangaa kwa nini familia itundike jambo la aibu kama hilo mahali wanapokaa wageni, wakati watu wengi duniani hutundika picha za harusi na za watakatifu. Jibu limo katika neno ukumbusho. Picha haikuwekwa ili kupamba ukuta. Iliwekwa ili ikumbushe, na kinachokumbusha humlazimisha mtu aseme. Mgeni anaketi, anaangalia, anauliza. Mwenye nyumba anaanza: baba yake alikuwa wapi wakati huo, nani alichapwa, kwa kosa gani, nani alishika kiboko. Watoto wanasikia. Mgeni anaongeza habari za kwao, au anakataa jambo moja na kulisahihisha. Katika mazungumzo hayo watu ambao mababu zao hawakujuana wanagundua kwamba walilazwa chini ya bendera moja. Neno sisi, ambalo kabila halikuweza kuwapa, wanalipata hapo.

Wala neno hilo sisi halikuja kwa urahisi. Aliyeshika kiboko katika picha ni mwafrika, na mwenye nyumba aweza kuwa mwana wa mfungwa au mwana wa askari. Picha haimwambii achague upande upi. Inamwachia swali, na kila anapolisimulia tukio hilo hana budi kujipanga mahali fulani. Wachambuzi wameeleza pia kwamba watazamaji wa wakati wa Mobutu waliweza kuiangalia Colonie Belge na kuyafikiri mambo ya siku zao wenyewe, bila kuyataja. Mzungu na bendera walifunika; kiboko kilibaki wazi.

Aina ya pili ni Mamba Muntu: mwanamke aliye nusu mtu na nusu samaki, ameketi kando ya maji, nywele ndefu, ngozi nyeupe mara nyingi, pengine na saa mkononi na nyoka karibu naye. Masimulizi yanayoambatana naye yanahusu utajiri upatikanao kwa siri na kwa masharti. Huyo kwa kipimo cha uhalisi si wa mababu hata kidogo. Umbo lake lina udugu na yule Mami Wata wa pwani ya Afrika Magharibi, ambaye naye aliathiriwa na sanamu za meli za Ulaya na picha zilizochapwa Ujerumani katika karne ya 19. Hata hivyo watu wa Lubumbashi walimtambua kuwa ni jambo lao. Kwa nini? Kwa sababu alisema lile walilolijua katika maisha yao: kwamba fedha ya mji ina mlango usioonekana, kwamba wapo waliotajirika bila kazi inayoeleweka, na kwamba kila utajiri wa namna hiyo hudai malipo ndani ya nyumba. Anayeuliza ametoka wapi Mamba Muntu anapata njia ndefu ya bahari. Anayeuliza anawakumbusha watu nini, anapata maisha ya mfanyakazi wa Katanga.

4. Muntu, Bulaya na kalamu nyekundu

Majina ya picha hizi yanastahili kutazamwa na idara ya lugha. Ni rahisi kwa mwalimu aliyezoea Kiswahili sanifu kuliona jina Mamba Muntu na kutaka kuandika mtu mahali pa muntu. Hali kadhalika Simba Bulaya, jina la aina nyingine ya picha, linalobeba hofu ya zamani ya wazungu walioaminiwa kuwakamata watu usiku: kalamu nyekundu itataka simba wa Ulaya. Lakini likishasahihishwa hivyo, jina linaacha kuwa jina. Simba wa Ulaya ni mnyama asiyekuwapo; Simba Bulaya ni jambo ambalo watoto wa Élisabethville walitishwa nalo jioni. Ile sauti ya b katika Bulaya na ile silabi mu iliyo kamili katika muntu ni alama za watu walioipokea lugha ya misafara wakaipitisha katika midomo iliyozoea Kibemba, Kiluba, Kisanga na nyinginezo.

Neno ukumbusho lenyewe lina mafunzo. Katika Kiswahili sanifu ukumbusho ni kitu cha kuadhimisha, kama jiwe au sherehe. Kilichoadhimishwa kimekwisha, na jiwe linathibitisha kwamba kimekwisha. Katika matumizi ya Lubumbashi neno limerudi karibu zaidi na kitenzi chake. Kukumbusha ni kumfanya mwingine akumbuke, na kunahitaji watu wawili. Kwa hiyo picha ya ukumbusho bila msimulizi na msikilizaji haijatimiza kazi yake. Maana hiyo haikuletwa na mwanafalsafa yeyote. Ilikuwamo ndani ya kiambishi, nao wanunuzi wa picha waliitumia.

Jambo hili linawagusa wanafunzi moja kwa moja. Wengi wao hukiacha Kiswahili cha nyumbani kwenye lango la chuo. Ndani wanaandika Kifaransa, au Kiswahili sanifu walichokisoma vitabuni, na wakiulizwa habari ya lugha ya mama zao husema kwamba ni Kiswahili kibovu. Sanifu ina kazi yake, na bila hiyo makala haya yasingesomeka Dodoma wala Mombasa. Lakini mtu aliyefundishwa kwamba maneno aliyojitambulia nayo tangu utoto ni makosa matupu amefundishwa pia kujitilia shaka yeye mwenyewe. Ubovu huo ni lugha iliyokuwa na uwezo wa kutaja jambo ambalo sanifu bado inalizunguka.

5. Mchoraji aliyejiita mwanahistoria

Hadi hapa imezungumzwa habari ya wanunuzi. Lakini nafsi ya mchoraji nayo imo katika jambo hili, na hapo jina la Tshibumba Kanda Matulu haliwezi kupitwa. Alizaliwa Élisabethville mwaka 1947. Kama wenzake, aliishi kwa kuchora aina zilizojulikana na kuzirudia kwa kadiri zilivyouzika. Mwaka 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha za historia ya nchi nzima, akayaeleza maana yake kwa Kiswahili katika mazungumzo yaliyorekodiwa na Fabian, aliyekuwa akifundisha wakati huo katika kampasi ya Lubumbashi. Picha 101 kati ya hizo zilichapishwa pamoja na maelezo yake katika kitabu Remembering the Present mwaka 1996.

Wapo wanaosema kwamba picha zinazorudiwarudiwa kwa ajili ya soko haziwezi kuitwa sanaa, wala haziwezi kusema lolote juu ya nafsi ya mtu mmoja, maana zinafanana. Hoja hii inasahau kwamba fasihi simulizi yote hufanya kazi hivyo hivyo. Methali haipungukiwi kwa kurudiwa. Hupata maana mpya kila inapowekwa mahali pake. Tena, kurudia ndiko kulikomwezesha Tshibumba kuachana na kurudia. Kwa kuwa alizijua aina zote, aliona kwamba zikipangwa kwa utaratibu zinakuwa historia moja: mababu, Diogo Cão, Livingstone na Stanley, koloni, uhuru, kujitenga kwa Katanga, Mobutu, hata mambo yatakayokuja. Ndipo alipojitaja kuwa mwanahistoria. Hakupewa cheo hicho na chuo. Alikidai kwa kuonyesha kwamba ana mawazo, na kwamba mawazo hayo yanaweza kutetewa kwa maneno.

Picha inayopima zaidi dai hilo ni ile ya kifo cha Lumumba. Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Élisabethville, mji uliokuwa chini ya serikali ya kujitenga. Tshibumba alichora miili yao na misalaba mitatu kwa mbali, akimfananisha Lumumba na Yesu. Mfano huo aliupata kwa wamisionari, yaani katika dini iliyoletwa na watawala wenyewe. Kwa fikra ya uhalisi, ungekuwa mfano wa kuazima. Lakini katika mji ambamo baadhi ya majirani walikuwa wamemshangilia Moïse Tshombe, kuchora misalaba mitatu kulikuwa ni kusema jambo zito: kwamba kifo kilichotokea hapa kwetu, pengine mikononi mwa watu wetu, kinatudai toba. Mkristo wa Lubumbashi hakuhitaji kuelezwa. Utamaduni uliokuja kwa nguvu ulikuwa umekwisha kuwa lugha ya kushuhudia, naye mchoraji aliitumia kujitambulisha kuwa raia wa nchi iliyopana kuliko jimbo lake.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari za Tshibumba zilikatika. Mfululizo wa picha zake uko Amsterdam, katika makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum na ambayo leo ni Wereldmuseum. Maneno yake ya Kiswahili yanapatikana kwa intaneti katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu iliyoanzishwa na Fabian na wenzake. Kwa hiyo mwanafunzi wa Lubumbashi anayetaka kujua mtoto wa mji wake alisema nini juu ya mji huo mara nyingi hukutana kwanza na tafsiri ya Kiingereza. Kazi iliyofanywa na watafiti hao ni ya shukrani, maana bila wao pasingebaki kitu. Hata hivyo ukumbusho ulioko mbali na saloni umebadilika kuwa mali ya makumbusho. Umehifadhika, lakini hauulizwi swali na jirani.

6. Mipaka ya ukumbusho

Uhakiki wa haki hauna budi kutaja pia upungufu wa picha hizi. Kwanza, ni picha za wanaume kwa sehemu kubwa. Wachoraji wanaojulikana walikuwa wanaume, na mwanamke ndani ya picha ni Mamba Muntu anayetamaniwa na kuogopwa, au ni yule anayesimama mbali na sahani ya chakula. Aliyepika, aliyelima bustani nyuma ya nyumba ya kampuni, aliyewatunza watoto wakati mumewe yuko mgodini, hana aina ya picha iliyo na jina lake. Hata hivyo mara nyingi alikuwapo saloni, akisikia masimulizi, na huenda akayasahihisha. Ikisemwa kwamba picha hizi ziliwapa watu wa Katanga nafsi, yapasa kuongezwa kwamba ziliwapa kwa kipimo kisicho sawa.

Pili, ukumbusho nao si malaika. Katika mwaka 1992 waliofukuza walikuwa na kumbukumbu zao: nani alipendelewa na kampuni wakati wa koloni, nani alipinga kujitenga kati ya mwaka 1960 na 1963. Kumbukumbu hizo zilitumika kama kuni. Haiwezekani, basi, kusema kwamba asili ni mbaya na ukumbusho ni mwema. Tofauti iliyopo ni nyingine. Asili, ikishatamkwa, haina jibu: mtu hawezi kubishana na mahali alipozaliwa babu yake. Ukumbusho hutamkwa mbele ya mwingine aliyeona kwa upande wake, naye aweza kusema: sivyo, mimi nilikuwapo. Kumbukumbu iliyogeuka kuwa chuki ni ile iliyosemwa wakati yule wa kujibu amekwisha kutolewa chumbani.

Tatu, picha hizi zilikuwa za kipindi chake. Mishahara ya kampuni iliyozinunua ilianguka. Wachoraji wengi wakaacha kazi hiyo au wakawachorea wageni, ambao walitaka kitu kingine. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 2000 kwa ushirikiano wa Bogumil Jewsiewicki na Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzao, umekusanya masimulizi na vitu vya wakazi wa mji na kuvionyesha mbele yao wenyewe. Hiyo ni njia mojawapo ya kuurudisha ukumbusho mahali panapoulizwa maswali. Haitoshi kuiachia peke yake.

7. Hitimisho

Turejee kwenye methali. Mwacha asili ni mtumwa: katika Swahili ya pwani ilisemwa na watu waliomwona mtumwa kwa macho, naye mara nyingi alikuwa ametoka bara. Miongoni mwa picha za Lubumbashi imo ile ya biashara ya watumwa, inayoonyesha watu waliofungwa wakiongozwa na wafanyabiashara wenye kanzu. Mtu wa Katanga anayeisimulia picha hiyo huisimulia kwa Kiswahili, lugha iliyotembea katika misafara hiyo hiyo. Watu wale hawakuiacha asili yao. Walinyang'anywa, na wajukuu zao wakaitwaa lugha ya safari ili wasimulie kunyang'anywa huko. Methali inabaki kuwa kweli kwa yule anayejidharau. Haimwelezi yule aliyeporwa, akajijenga upya kwa vipande alivyovikuta.

Kwa idara za Kiswahili jambo la kufanya si gumu sana. Maelezo ya Tshibumba yasomwe darasani katika Kiswahili chake, pamoja na muntu na bulaya yake, kabla ya tafsiri yoyote. Mwanafunzi akishayasoma, aende nayo nyumbani, amwonyeshe mama au nyanya yake nakala ya picha moja, aulize inamkumbusha nini, na aandike jibu lake kama lilivyotamkwa. Wale ambao jamaa zao waliondolewa mwaka 1992 na 1993, na wale ambao jamaa zao walibaki katika nyumba zilizoachwa, husoma leo katika vyumba vimoja vya mihadhara. Majibu watakayoyaleta hayatalingana. Yasomwe yote mawili kwa sauti, wenyewe wakiwa wameketi humo ndani.